Mipaka ikifungwa ghafla, kiongozi wa misheni anafanya nini? Tujikumbushe Machi 2020



Wengi wenu mmeshawaona. Vijana wawili, shati jeupe, tai, kibeji cheusi kifuani, wanakatiza mtaani kwa miguu juani na kusalimia kila mtu. Wengine Wazungu, wengine Waafrika wenzetu. Hao ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi wamezoea kuwaita Wamormoni. Leo sitaki tubishane kama mafundisho yao ni sahihi au la, kila mtu na imani yake. Nataka tuangalie kitu kimoja tu. Mwaka 2020 corona ilipoingia na nchi zikaanza kufunga mipaka, vijana hawa walikuwa wametawanyika dunia nzima, mbali na mama zao. Nani alikuwa na jukumu la kuamua warudi au wabaki? Na aliamuaje?

Habari hii inamhusu mtu yeyote anayepeleka watu mbali: kiongozi wa kwaya, wa msafara wa hija, wa timu ya mpira. Siku mambo yakiharibika, watu wanamtafuta yeye.

MISHENI INAVYOENDESHWA

Tuanze na utaratibu wenyewe ili tuelewane. Wakati ule mvulana aliruhusiwa kuanza misheni akiwa na miaka 18 na kutumikia miezi 24. Msichana alianza na miaka 19, miezi 18. Hachagui pa kwenda, anapokea barua inayomwambia, mfano, wewe unakwenda Ufilipino. Hana mshahara. Yeye na familia yake ndio wanachangia gharama. Kwa Mmarekani ilikuwa dola 400 kwa mwezi, ikapanda kuwa dola 500 Julai 2020. Wavulana wanaitwa kwa cheo cha Elder, yaani Mzee, hata kama ndio kwanza ndevu zinaota. Daima wanakaa wawili wawili, na baada ya wiki kadhaa wanabadilishwa mwenzi au eneo.

Juu yao kuna rais wa misheni na mke wake. Wanaitwa kwa miaka mitatu, kwa kawaida kuanzia Julai, wanaacha kazi zao na kuhamia huko walikotumwa. Mwisho wa mwaka 2019 kanisa hilo lilihesabu wamisionari 67,021 katika misheni 399. Gawanya mwenyewe, inakuja kama vijana 168 kwa kila misheni.

Sasa chukua picha ya mkuu wa shule ya bweni yenye wanafunzi 168. Ila mabweni yake ni vyumba vya watu wawili wawili vilivyosambaa mikoa mitano, na wazazi wako nchi tofauti tofauti. Anayeumwa malaria, aliyegombana na mwenzake, aliyepoteza pasipoti, anayelia usiku kwa sababu amekumbuka nyumbani, wote wanampigia yeye. Mahubiri ni sehemu ya kazi yake, lakini nusu nyingine ni ulezi wa watoto wa watu. Corona ilipokuja, ile nusu ya ulezi ndiyo iliyobeba kila kitu.

MLANGO ULIVYOFUNGWA HATUA KWA HATUA

Haikutokea siku moja. Mapema Februari 2020, China ikiwa ndio inaungua, wamisionari waliokuwa Hong Kong walianza kuhamishiwa misheni nyingine. Mwishoni mwa Februari ikaja zamu ya Korea Kusini. Mpaka hapo mtu angeweza kusema ni tatizo la Asia, tuliobaki tuendelee.

Tarehe 12 Machi, siku moja baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza kwamba hili sasa ni janga la dunia, kanisa likasimamisha ibada za pamoja duniani kote. Rais wake wa wakati huo alikuwa Russell M. Nelson, daktari wa upasuaji wa moyo aliyestaafu, akiwa na miaka 95. Sijui kama udaktari ulichangia, lakini maamuzi yalitoka haraka haraka. Tarehe 16 Machi likatolewa tangazo la mafunzo ya wamisionari wapya kuhamia kwenye video. Na tarehe 20 Machi ikasemwa wazi kwamba wamisionari wengi watalazimika kurudishwa nchini kwao.

Katikati ya hayo, tarehe 18 Machi, mji wa Salt Lake City huko Utah, yaliko makao makuu ya kanisa, ukapigwa na tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.7. Uwanja wa ndege ukafungwa kwa muda. Yaani unajiandaa kupokea maelfu ya vijana, halafu ardhi nayo inatikisika! Si mchezo.

KWA NINI SIKU TATU ZILIKUWA NA MAANA

Hapa ndipo penye uzito, tusome taratibu.

Kiongozi wa misheni alikuwa na njia mbili, na zote zina hatari. Akiwaondoa vijana mapema, anawapitisha kwenye viwanja vya ndege vilivyojaa watu wakati ugonjwa unasambaa, anawakatisha kazi waliyojichangisha miaka kufika, na anawaacha waumini wa pale wakijiona wametelekezwa. Akiwabakiza, na hospitali zikizidiwa, mtoto wa watu anaweza kuugulia nchi ya ugenini na mzazi asiweze kufika hata kwa maziko.

Zaidi ya hapo, uamuzi ulikuwa na muda wa kuisha, na aliyeshika saa ni serikali, si yeye. Angalia hapa kwetu Afrika Mashariki. Kenya ilitangaza tarehe 22 Machi kwamba ndege za abiria za kimataifa zinasimama kuanzia usiku wa tarehe 25. Siku tatu hizo! Aliyesema "ngoja tuone wiki ijayo" alikaa hadi 1 Agosti ndege ziliporudi. Uganda ilifunga siku hizo hizo, na Entebbe haikufunguliwa kwa abiria wa kawaida hadi 1 Oktoba. Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa Aprili na kufungua tena 18 Mei. Kwa hiyo kosa la siku tatu lingeweza kuwa kosa la miezi minne au sita.

Na si suala la kukata tiketi moja tu. Kijana yuko mkoani, lazima kwanza afike mji mkuu kabla mabasi hayajazuiwa. Pasipoti yake huenda iko ofisini kwa ajili ya kibali cha kuishi. Ndege yake inapitia nchi ya tatu, na ile nchi ya tatu inaweza kufunga akiwa angani. Kama kwao wameshafunga mpaka, hata ukimpeleka hatapokelewa. Kisha kuna vyumba vilivyopangwa, vyombo, baiskeli, simu za ofisi na watu waliokuwa katikati ya mafundisho, vyote lazima vikabidhiwe kwa mtu.

Ndio maana watu walipangwa kwa makundi. Wenye matatizo ya afya na wazee ndio walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Wavulana waliofikisha miezi 21 waliruhusiwa kuachiwa mapema na kuhesabiwa wamemaliza kazi. Wageni katika nchi nyingi walirudishwa kwao. Wenyeji wa nchi husika waliweza kubaki na kuendelea kwa namna ilivyoruhusiwa.

Waliorudi walitakiwa kujitenga nyumbani siku 14. Baadaye waliambiwa wachague kabla ya tarehe 30 Aprili: ama wawe tayari kurudi kazini mara hali ikiruhusu, pengine mahali pengine kabisa, ama wasubiri miezi 12 hadi 18 ndipo waanze upya. Kijana aliyejifunza Kijapani mwaka mzima angeweza kujikuta anamalizia muda wake kwenye jimbo la jirani na kwao. Wengi wa Wamarekani walipangiwa humo humo Marekani.

KILICHOTOKEA UWANJANI

Ukitaka kujua kwamba mpango mzuri unaweza kuharibikia mlangoni, tazama tarehe 22 Machi 2020 pale Salt Lake City. Ndege tano za kukodi zilifika zikiwa na wamisionari zaidi ya 1,600 kutoka Ufilipino. Familia zikaombwa zisijazane. Nani alisikiliza? Watu walifurika kwenye jengo la kuegesha magari, mabango, maputo, kukumbatiana, wakati serikali ilikuwa inasisitiza watu wakae mbalimbali. Meya na gavana wakalalamika hadharani, na baada ya hapo utaratibu ukakazwa, wazazi wakaambiwa wasubiri kwenye magari yao.

Mimi siwezi kuwacheka wale wazazi. Mtu hajamwona mwanawe mwaka na nusu, halafu umwambie kaa kwenye gari? Ila kwa upande wa uongozi kuna jambo la kujifunza. Waliwaandaa wamisionari, wakaandaa ndege, lakini wazazi hawakuandaliwa vya kutosha. Katika msafara wowote, wanaosubiri nyumbani nao ni sehemu ya msafara.

HII HAIKUWA MARA YA KWANZA

Kanisa hilo hilo lilishawahi kukimbiza vijana wake kutoka bara zima. Agosti 1939, siku chache kabla ya Vita Kuu ya Pili, amri ilitoka kwamba wamisionari waondoke Ujerumani. Kiongozi wa misheni ya Ujerumani Magharibi, M. Douglas Wood, aliwaelekeza vijana wake Uholanzi. Uholanzi ikafunga mpaka ghafla. Vijana 31 wakawa wamekwama huko vituo vya treni, hawana hela ya kutosha kwa sababu sheria ilizuia kutoka na fedha za Kijerumani, na simu hazifanyi kazi.

Wood akafanya nini? Alimwita mmisionari mmoja mwenye mwili mkubwa, Norman Seibold, akampa fedha na tiketi za kwenda Denmark, akamwambia nenda kawatafute. Hana orodha ya vituo, hana anuani. Seibold akawa anashuka kwenye vituo na kupiga mluzi wa wimbo wa kanisa ambao kila mmisionari angeutambua. Aliwapata zaidi ya nusu kwa njia hiyo, na waliobaki walipita kwa njia nyingine. Wote 31 walitoka salama. Tarehe 1 Septemba vita ikaanza.

Ukilinganisha 1939 na 2020 utaona vifaa vimebadilika, mluzi umekuwa ujumbe wa simu, treni imekuwa ndege ya kukodi. Ila mambo mawili yako vile vile. Mpaka unafungwa bila kukusubiri. Na wageni wakishaondoka, wenyeji ndio wanaobaki na kazi. Wajerumani wenyewe waliendesha matawi yao miaka yote ya vita bila mmisionari wa kutoka Marekani.

WALIOBAKI NA SIMU

Baada ya ndege kuondoka, kiongozi wa misheni alibaki na watu wachache, wamefungiwa ndani wawili wawili. Kazi ya kutembea mitaani imekwisha. Nairobi watu walikuwa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri tangu 27 Machi, na kuanzia Aprili hadi Julai huruhusiwi hata kutoka nje ya eneo la jiji. Ikabidi mafundisho yahamie Facebook na simu za video.

Kwa bahati walikuwa wameshaanza kulegeza kamba kidogo. Zamani mmisionari aliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Februari 2019 wakaruhusiwa kila wiki. Hebu waza kama ingekuwa bado mara mbili kwa mwaka, vijana wamefungiwa ndani mwezi Aprili, na mama hajui hali. Wangechanganyikiwa wote.

Viongozi wapya wa Julai 2020 nao semina yao ya Juni ilifanyika kwa video badala ya kukutana Provo, Utah. Na hapo habari inagusa Tanzania. Kabla ya corona ilishatangazwa kwamba Julai 2020 itaanza misheni mpya ya Dar es Salaam, imegwe kutoka misheni ya Nairobi. Corona haikuifuta. Kwa hiyo misheni ilianza mwaka ambao wamisionari wa kigeni walikuwa wamerudishwa kwao. Tena Tanzania nyumba za ibada hazikufungwa na serikali, tofauti na Kenya ambako zilifungwa Machi na kuanza kufunguliwa kidogo kidogo Julai. Nchi mbili jirani, misheni iliyokuwa moja, masharti mbalimbali kabisa. Kiongozi anayesubiri maelekezo ya makao makuu tu hawezi kuendesha mahali kama hapo, lazima asome hali ya pale alipo.

Tukumbuke na kijana wa mafunzo. Mmisionari mpya wa Marekani anakaa chumbani kwake na kompyuta na Wi-Fi ya baba. Wa Kayole au Mbagala anafanya mafunzo yale yale kwenye simu, bando linakata, umeme unakata, na sebuleni kuna wadogo zake sita. Sisi tunaosoma hapa cafe kwa kulipia dakika tunaelewa bila kuambiwa. Kiongozi asipoliona hilo atadhani kijana ni mvivu.

NAMBA ZINASEMAJE

Hizi ni takwimu za kanisa lenyewe. Wamisionari wa kufundisha walishuka kutoka 67,021 mwisho wa 2019 hadi 51,819 mwisho wa 2020. Waliobatizwa kutoka nje walishuka kutoka 248,835 hadi 125,930. Kwa hiyo wamisionari walipungua chini ya robo, lakini ubatizo ulipungua karibu nusu. Facebook ilisaidia kazi isife, lakini haikujaza nafasi ya kubisha hodi na kukaa kwenye mkeka na watu, na isitoshe makanisa yenyewe mengi yalikuwa yamefungwa.

Kurudi kulichukua muda. Kituo cha mafunzo cha Provo kilianza kupokea watu tena Juni 2021. Kuanzia Agosti 2021, asiyekuwa na chanjo alipangiwa nchini kwake tu. Mwisho wa 2023 wamisionari walikuwa 67,871 na waliobatizwa 251,763, yaani juu kidogo ya 2019. Miaka minne kurudi pale pale. Hata hivyo kuna vitu havikurudi nyuma: mpaka leo mafunzo yanaanzia nyumbani kwa video kabla ya kwenda kituoni.

WENGINE NAO

Si hao tu. Saudi Arabia ilisimamisha umra kwa wageni tarehe 27 Februari 2020, na hija ya mwaka huo ikawa ya watu wachache waliokuwa tayari ndani ya nchi hiyo, wakati 2019 mahujaji walikuwa karibu milioni 2.5. Mwaka 2021 ikawa watu 60,000, nao wa ndani. Viongozi wa misafara huku kwetu walibaki na wazee waliokuwa wamedunduliza miaka, wanauliza hela zetu vipi. Mashahidi wa Yehova waliacha kubisha hodi Machi 2020, wakatumia barua na simu, na hawakurudi milangoni hadi 1 Septemba 2022. Kila dini ilikutana na ukuta ule ule.

TUNAONDOKA NA NINI

Kwa mtazamo wangu, kiongozi wa misheni hapimwi siku ya mkutano mkubwa wenye vipaza sauti. Anapimwa na mambo aliyoyapanga kabla: anajua kila mtu wake yuko wapi usiku huu, pasipoti ziko wapi, namba ya mzazi anayo, akiba ya nauli ipo, na katika kila mji kuna mwenyeji mmoja aliyefundishwa kushika kazi mgeni akiondoka. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Misheni inayotegemea wageni kwa kila kitu, mpaka ukifungwa na yenyewe imefungwa. Iliyolea wenyeji inaendelea, hata kwa kuchechemea.

Halafu kuna suala la ujasiri. Aliyewaondoa vijana tarehe 20 Machi huenda aliambiwa ana imani haba, anaogopa ugonjwa badala ya kumtegemea Mungu. Mimi naona kinyume. Mzazi amekukabidhi mtoto wake, na wewe unamwomba Mungu amlinde huku umeshika tiketi yake mkononi. Sioni mgongano hapo.

Sasa nyie wadau mnasemaje? Kama ungekuwa wewe, una vijana 168, zimebaki siku tatu ndege zisimame, na baadhi yao wanakulilia uwaache wabaki wamalize kazi, ungewabakiza au ungewapandisha ndege kwa nguvu? Na mlioko kwenye kwaya, makanisa na misikiti, kwenu mlifanyaje mwaka ule? Tiririkeni hapo chini, ila matusi ya dini za watu hapana.

Naomba kuwasilisha.